Msaidizi Aingie Pia

"Keti hapa, karibu na mama," Daktari Jelagat aliamuru. "Msaidizi wa mgonjwa haachwi nje."

"Daktari, hata pale kwa benchi nitasikia," Wesley alisihi.

"Keti!"

Wesley akaketi ukingoni mwa kiti, akaugeukia ukuta. Mama Nanjala akajifunika leso hadi puani, akainama. Ndivyo walivyofanya kila walipokuja katika kliniki hiyo ndogo ya Lurambi. Kijana hata hamtazami mama! Jelagat alihisi damu ikimchemka.

"Mama, unapata usingizi?"

Mama akaivuta leso hadi machoni.

"Watoto wanaokaa naye wanasema halalangi," Wesley aliuambia ukuta.

"Na chakula?"

"Jikoni kwake siingiangi, daktari."

"Basi unajua nini wewe? Rangi ya pikipiki yako tu?"

Wesley akazidi kuusogelea ukuta. "Najua haendi tena shambani. Miwa yote imemezwa na magugu."

Jelagat alishusha pumzi. Sonona ilimshika mama huyu tangu amzike binti yake. Hilo halikuwa na ubishi. Siku Jelagat alipouliza habari za marehemu, Wesley ndiye aliyelia. Lakini vidonge vilipaswa kuwa vimeanza kumwinua mgonjwa. Aliviongeza. Akavibadilisha. Mama bado hatoi neno, na daktari hawezi kutibu asichoambiwa. Leo alikuwa ameamua: akalazwe Eldoret, wajaribu wengine.

"La mwisho, mama. Umewahi kutamani kufa?"

Leso ilitikisika.

"Huyo? Hapana," Wesley alidakia. "Ni mtu wa kanisa."

Jelagat alipiga meza. "Sikukuuliza wewe!"

Nje, mlinzi alipaza sauti. "Mwenye pikipiki nyekundu! Iondoe mlangoni, ama nayo imekuja kuona daktari?"

Wesley alichomoka kama ndama aliyekatiwa kamba. Mlango ukajifunga nyuma yake.

Mama Nanjala akaishusha leso polepole. Kwa mara ya kwanza Jelagat aliyaona macho yake.

"Mwanangu, umesoma sana," alisema, na sauti yake haikuwa na kasoro yoyote. "Lakini kwenu, mama hukalishwa chumba kimoja na mkwe wake, akaulizwa mambo ya kulala? Yule ndiye aliyemwoa binti yangu. Sasa funga mlango kwa ufunguo, uniulize tena lile la mwisho."