Herufi Iliyobanwa

Binti alizima mashine, akaiwasha, akaisomesha ile barua kwa mara ya tatu. Jibu likawa lilelile.

Mashine aliiunda mwenyewe, isome vyeti vya dawa vinavyoandikwa na madaktari. Haikusema ndiyo au siyo, ilikadiria. Mkunjo huu ni "a" kwa sehemu saba katika kumi, ni "o" kwa tatu, kisha ndipo inachagua neno. Leo aliijaribu kwa mwandiko mbaya kuliko yote aliyowahi kuiona: wa baba yake, daktari mstaafu, kwenye barua ya posa ambayo mama aliitundika sebuleni ndani ya fremu.

Nyumba nzima iliijua kwa moyo: "Naomba nikuoe. Ukikubali, njoo Jumatatu."

Mashine ikasema "nikuone", sehemu tisa katika kumi. Kweli, kati ya "o" na "e" palikuwa na "n" iliyobanwa kama mtu wa tatu kwenye kiti cha wawili.

Alimfuata baba yake barazani. "Baba, ile barua…"

Mzee akashusha gazeti polepole. Hakuuliza barua gani.

"Alikuwa muuguzi wa wodi yangu. Nilitaka kumuuliza habari za zamu tu. Jumatatu akaja na shangazi yake na wajomba wawili, wamevaa wakapendeza. Ningesema nini?"

"Ndiyo ukanyamaza miaka arobaini?"

"Chai ya wageni haijapoa, nilikuwa nimeshampenda." Akapunguza sauti. "Lakini mama yako asijue, mwanangu. Ataona alijipeleka mwenyewe. Atafedheheka bure."

Binti akaapa kwamba atafuta kila kitu. Akarudi ndani haraka. Mama alikuwa amekaa mbele ya skrini, miwani puani, anasoma.

"Mama, hii mashine bado haijakamilika, inakosea…"

"Haijakosea." Mama alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kanga, wala hakuwa na haraka. "Hiyo 'n' niliiona siku ileile. Lakini kwa ulimi mzito aliokuwa nao baba yako, ningemngoja aseme mpaka lini?"