Jina la Tatu kwenye Tairi

Leonidas aliandika jina la tatu kwa chaki ubavuni mwa tairi la lori: Zefania.

Hana, aliyekuwa kwenye benchi la wanaosubiri basi, akaacha kumenya yai lake.

Ilikuwa asubuhi baada ya mechi, na kijiwe cha huyo fundi matairi hapo Shelui kilikuwa kimejaa mashabiki wa Kokoto FC wenye nyuso za msiba. Timu yao ilikuwa imeshinda, lakini ushindi wenyewe ulikuwa wa aibu. Kocha aliwapumzisha wachezaji wake wa kutegemewa, akawapanga wa akiba dhidi ya timu ya walimu, akidhani kombe la wilaya litakuwa mteremko. Walimu wenye vitambi wakawazungusha vijana dakika tisini, na bao pekee likapatikana baada ya mwalimu mmoja kujifunga kwa kisigino. Raundi ijayo walikuwa wanakutana na timu ya mgodini, watu wasiojifunga.

Kwa hiyo kijiwe kilikuwa kinahukumu. Jezi za timu zilichangiwa hapo, viatu vilichangiwa hapo. Jina likishaandikwa kwa chaki ya Leonidas, kufikia jioni kocha huwa amelifuta kwenye orodha yake. Beki wa kushoto aliandikwa kwa sababu alikuwa mzito kama gunia la alizeti. Kipa wa akiba aliandikwa kwa sababu alidaka mpira mmoja tu, nao ulikuwa umeshatoka nje.

Kuhusu Zefania, namba kumi na saba, maneno yalikuwa mengi zaidi. Walisema hana pumzi. Walisema aliletwa na sifa za mguu wa kushoto uliotikisa Ikungi nzima, na mguu huo hawajauona tangu afike. Belinda, muuza vitunguu aliyeujua mpira kuliko wanaume wengi wa pale, alisema shida ya kijana ni masikio: unamwita Zefania mara tatu, yeye anakimbia tu, kama vile anaitwa mtu mwingine. Mmoja akaongeza kwamba hata picha ya kwenye leseni yake ya mchezaji ina mashavu, na huyu waliyepewa amekauka. Labda mashavu yalibaki kwao Issuna. Wakacheka.

Hana hakucheka. Alikuwa amesafiri kutoka huko huko Issuna kwa ajili ya mechi ile. Uwanjani alikaa chini ya spika, akafumba macho, akasubiri. Mpira ulipoanza alikuwa ameshapata alichokifuata. Sasa alilitazama lile jina kwenye tairi.

Alijifuta vidole kwa ncha ya khanga, akainuka. Hakuwa mtu wa kusema mbele za watu; kanisani hata tangazo la akina mama humpa mwenzake amsomee. Lakini alisogea mpaka akasimama kati yao.

"Hamjambo, wanangu," alisema. "Zefania ni mwanangu. Mimi ndiye niliyemzaa."

Zikaanza shikamoo, moja juu ya nyingine, na aliyekuwa amekalia ndoo akainuka kumpisha. Leonidas aliificha chaki kiganjani. Akaeleza kwamba hayo ni maneno ya mpira tu, mama asiyaweke moyoni, kijana ana nidhamu, na hajawahi kuchelewa mazoezi hata siku moja.

Hana alimwacha amalize. Hakuwa amekuja kugomba. Alikuwa na swali moja, nalo lilimtoka kwa shida.

"Asiyepangwa, akikaa tu benchi, jina lake linasomwa?"

Leonidas hakumwelewa.

"Kwenye spika, baba. Kabla mpira haujaanza. Jana walisoma majina yote, nilisikia."

Walimwambia ndiyo, hata ya akiba husomwa, tena pamoja na namba.

"Basi mkalisheni benchi," alisema Hana. "Asiguse mpira hata mara moja, sitalalamika. Ila jina msilifute."

Wazazi waliowahi kufika kijiweni walikuja kudai watoto wao wapangwe. Hakuna aliyewahi kuomba wake akalishwe. Vijana walitazamana, mmoja akataka kucheka, akameza. Belinda ndiye aliyesema, kwa upole, kwamba hajawahi kuona mtu akifungisha timu huku amekaa benchi. Leonidas akalisugua jina la tatu kwa kiganja mpaka likabaki vumbi jeupe.

Hana alishukuru mara mbili.

Basi la Singida lilipopiga honi, namba kumi na saba alitokea mbio kuja kumsindikiza. Mashabiki wakamwambia amshukuru sana mama yake, maana leo amemwokoa. Aliitikia kwa kichwa, akauchukua mfuko wa Hana, wakavuka barabara bila kusema kitu mpaka mlangoni mwa basi, ambako ngurumo ya injini ilitosha kuyafunika maneno yao.

"Mama mkubwa," aliuliza kijana, "msalaba wa kaburi la Zefania mmeshausimamisha?"

"Bado, Deo." Hana alishika chuma cha mlango, akapanda ngazi ya kwanza. "Nimemwambia fundi asiandike jina mpaka kombe liishe."