Soli za Katoni

Siku tulipomzika Bethwel, boma lote lilisifu buti nilizomshonea azikwe nazo. Zilikuwa za ngozi nyeusi, ndefu hadi katikati ya muundi, mtindo wa wale wazungu wa zamani wa mashamba ya chai. Alikuwa amezitamani tangu ujana wake.

Mjane wake aliniagiza ngozi tupu, juu na chini. Mimi chini nikabandika katoni, nikaipaka rangi. Nani angeangalia? Maiti haendi sokoni.

Wiki tatu baadaye, adhuhuri ya mvua, kibanda changu pale Ndanai kilikuwa kimejaa watu na porojo kama kawaida. Mjane akaingia, akaweka buti juu ya meza.

"Fundi, si ni zake hizi? Nimezikuta mlangoni kwangu asubuhi."

"Wezi wa makaburi hao!" mmoja akadakia. "Siku hizi hata wafu hawapumziki."

"Kaburi halijaguswa," akasema mjane. "Nimepitia huko nikija. Hata maua yako vile tuliyaweka."

Nikazigeuza. Katoni ilikuwa imelika, imebaki ukingo tu, na kwenye udongo mwekundu uliogandia hapo vilikuwa vimenata vijani vya chai. Kila mtu aliona. Hakuna aliyecheka.

"Nisamehe, mama. Nitaweka ngozi, sasa hivi."

"Si mimi wa kuombwa msamaha, fundi," akajibu, macho yake mlangoni.

Nikaingiza mkono ndani ya buti moja nipate kuishika vizuri. Kulikuwa na joto.