Swali la Tisa

Mhandisi Kapilima alikuwa amefika swali la tisa la usaili. Mbele yake alikaa Bi Nyamizi, fundi mitambo wa kituo cha redio kwa miaka ishirini na miwili, aliyeomba cheti cha uhandisi. Majibu yake yalikuwa mafupi mno, na Kapilima alishaanza kukata tamaa.

"Eleza namna ya kuzuia matangazo yasikatike," alisoma.

Bi Nyamizi alikuwa ametega sikio ukutani.

"Samahani, Mhandisi. Feni ya mtambo imebadili mlio."

Alitoka mbio, kiatu kimoja mguuni. Kapilima alipofika chumba cha mitambo, mama huyo alikuwa ameshahamishia matangazo kwenye mtambo wa akiba. Ndipo ule mkubwa ukazimika wenyewe, harufu ya kuungua ikajaa chumbani.

Kapilima alikwenda hadi getini. Mlinzi alikuwa na redio yake sikioni, anasikiliza taarifa ya habari.

"Imekatika sasa hivi?"

"Hii? Haikatikagi, bosi."

Aliporudi, Bi Nyamizi alikuwa anapapasa kwa mguu chini ya meza.

"Tuendelee, Mhandisi. Swali lilikuwaje?"

Kapilima alifunika fomu, akapiga magoti, akakivuta kiatu kutoka uvunguni.

"Hiki hapa, Mhandisi."