Ufunguo wa Kabati la Joto

Mzee Mbaruku alifunga kabati la joto la kukuzia seli pale maabara, akatia ufunguo mfukoni. Ndani kulikuwa na kisahani chenye seli za mwisho za Tunu, mtoto aliyelazwa wodi ya pili.

"Fungua, mzee," alisema Daktari Nasra. "Wageni wanataka kutuona tukitia kipande cha kusahihisha jeni."

"Tungoje saa tisa, Daktari. Seli hazijaanza kunakili jeni zake. Tukitia kipande sasa, hakitashika. Mara mbili tumeharakisha, mara mbili tumepoteza seli."

"Muosha chupa ananifundisha?"

"Naam. Nimesoma shule ya jioni, na saa za seli hizi nimeziandika mimi."

"Nitakufukuza!"

"Nifukuze, lakini baada ya saa tisa."

Akaegemeza mgongo kwenye mlango wa kabati. Joto lake likapenya shati, taratibu.