Kulabu Nane

Mwanamke mtu mzima alikuwa amelala chali kwenye sakafu ya behewa la mizigo, miguu kainyoosha, na mkaguzi kutoka makao makuu ya reli alidhani amezimia.

"Baiskeli inanizidi shubiri moja tu," alisema mwanamke bila kuinuka. "Sasa nihesabu mimi. Tunaenea wangapi humu?"

Mkaguzi alijikuta anahesabu. Wanane, wakitundikwa ukutani, na bado mtu angepita na sanduku lake.

Huyu ndiye waliyembandika jina la Mama Kulabu kule makao makuu. Miaka mitatu mfululizo, kila mwezi, aliandika barua kuomba treni ya abiria ya asubuhi ifungwe kulabu za kutundikia baiskeli. Kila barua ilizungushwa meza hadi meza, watu wakacheka, ikatupwa kwenye faili. Mkaguzi naye alicheka, tena kwa sauti. Leo alikuwa ametumwa aje ayamalize. Alijiandaa kusema hapana kwa adabu, kisha awahi treni ya saa sita.

Waliingia ofisini kwa mkuu wa stesheni. Mkaguzi alihangaika na mlango usiotaka kufunga mpaka kijasho kikamtoka. Mama Kulabu aliuinua kidogo kwa goti, ukafunga.

"Mwanangu aliitwa kazini," alianza kabla hajaulizwa. "Kusambaza vifurushi, mji wa mwisho wa reli. Sharti uje na baiskeli yako. Miaka miwili alikuwa amekaa bure nyumbani, na kukaa bure kulikuwa kunamuua. Kwa treni ni saa moja na nusu. Akakata tiketi, akaja na baiskeli, kaipangusa mpaka inang'aa. Karani wa mizigo akamrudisha."

"Kwa sababu gani?"

"Kanuni ya kumi na nne. Treni ya abiria haitapakia chombo chochote cha magurudumu, isipokuwa kiti cha mgonjwa na kigari cha mtoto mchanga." Aliisema yote kwa pumzi moja.

"Behewa lilikuwa limejaa?"

"Lilikuwa tupu. Magunia mawili, na kuku wa mtu."

Mkaguzi alishika kichwa. "Kwa hiyo kijana akapita barabarani."

"Kilomita sitini. Lori lilimpitia darajani. Baiskeli haikupata kitu. Kengele tu ndiyo iliyopinda."

Mkuu wa stesheni, mzee mpole aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, aligeukia dirishani akaanza kukunja bendera ambayo ilikuwa imeshakunjwa.

Mkaguzi alikuwa na binti wa miaka minane aliyejifunza baiskeli mwezi uliopita, na sasa hashuki ila kwa kulala. Moyo ulimuuma kwelikweli. Alivikumbuka vile vicheko vya ofisini akaona haya, akatoa fomu mkobani na kuandika: kulabu nane, behewa la mizigo, treni ya asubuhi. Treni ya saa sita ilikuwa imeshamtoka akilini.

"Nitapendekeza," alisema. "Lakini, mama, wakubwa zangu ni watu wagumu. Swali lao la kwanza ni nani aliyemrudisha. Bila jina la karani watasema hizi ni porojo za mtaani, na fomu itarudi kwenye faili lile lile. Nipe jina. Tena nakuapia, huyo hatapata hata kazi ya kufagia jukwaa."

"Muache huyo."

"Nimwache? Behewa tupu, kijana wa watu anakwenda kutafuta riziki! Angefumba jicho mara moja tu, angepungukiwa nini?"

"Foleni yote ilikuwa inamtazama," alisema Mama Kulabu. "Na jana yake alikuwa amewarudisha watu wawili wenye baiskeli. Mmoja alimlilia kabisa."

"Roho mbaya tu hiyo!"

Mama Kulabu hakubisha.

"Bwana mkaguzi, inatosha," alisema mkuu wa stesheni, wala sauti yake haikuwa ya mtu anayezungumza na mkubwa wake.

"Haitoshi, mzee. Wewe unamlinda mtumishi wako, nakuelewa. Nani anamlinda huyu mama?" Mkaguzi aliigonga fomu kwa kalamu, pale palipoachwa wazi. "Mama, kulabu unazitaka au huzitaki?"

Mama Kulabu aliitazama ile karatasi. Huko nje kulikuwa na watu wawili watatu wamesimama na baiskeli zao kando ya reli, kama kila asubuhi, wakiitazama treni inayojiandaa kuondoka bila wao. Baadaye wangepanda na kushika barabara ile ile ya malori.

"Nazitaka," alisema.

"Basi nisaidie. Kama jina ni zito, anzia popote. Walizungumza nini? Kijana alimtukana?"

"Mwanangu hakuwa na matusi." Alijifuta macho kwa kiganja, taratibu, jicho moja kisha la pili, na aliposema tena alimtazama mkaguzi usoni. "Alicheka tu. Akaigeuza baiskeli, akamwambia karani: 'Sawa, mama. Ukitoka kazini nibakizie chakula, leo nitachelewa kurudi nyumbani.'"