Mbwa wa Upande wa Kulia

Hapo kale, Fisi akiwa bado na aibu kidogo, Punda alimtwaa Mbwa amlinde njia ya mtoni. Ukienda, kichaka kiko kulia. Basi Punda akamfundisha Mbwa kutembea kuliani kwake, akamwonya, "Kushoto kwangu usije hata siku moja. Kushoto ni kwa mambo ya chooni."

Mbwa akashika. Walipogeuka kurudi, kichaka kikawa kushoto, Mbwa yuko zake kulia, salama salimini. Fisi akachomoka, akaondoka na nusu ya mkia wa Punda.

"Hama upande, mpumbavu we!" Punda akafoka.

"Kushoto? Mzee wangu, mimi nina adabu zangu."

Siku saba Punda alimbembeleza kwa mifupa. Mbwa alikula mifupa, akarudi kulia.

Kanga, ambaye hakupewa mdomo wa pambo, akasema, "Shemeji, kwenda Mbwa anakulinda wewe, kurudi wewe unamlinda Mbwa. Huo mkia uliobaki utafika mwisho wa mwezi?"

Lakini kiu haingoji, na maji yako mtoni tu. Kesho yake Punda akaenda, akanywa, na safari hii hakugeuka. Alirudi kinyumenyume njia nzima, Mbwa kulia, kichaka kulia, na Fisi humo ndani anameza mate.

"Umeona?" Punda akamwambia Kanga, akitanguliza matako zizini. "Mbwa wangu sasa anajua kwenda na kurudi."

"Nimeona, shemeji," Kanga akajibu. "Umefundishika vizuri."